Upana wa Usukani wa Mama Chanjo

Mama Chanjo hakupita kwenye lami kama kulikuwa na namna nyingine ya kufika, na kwa kuwa yeye ndiye aliyezijua njia zote za nyuma kutoka kwetu mpaka Ihanja, namna nyingine ilikuwapo kila siku. Alikuwa nesi wa zahanati yetu. Jina lake la kwenye kadi ya kura sitalitaja, na sidhani kama nusu ya kijiji tulilijua. Alikuja na chanjo, akawa Mama Chanjo, na hata wanaume waliomzidi umri walimwita hivyo.

Niseme mapema kwamba anayesimulia hapa ni mtu wa hofu. Nikisikia breki za lori kule barabarani nahesabu watoto wangu, hata kama wote wako jikoni mbele yangu wanakula. Mume wangu, ambaye yuko Manyoni kwenye kazi za ujenzi, husema ningezaliwa kuku vifaranga vyangu vingekufa njaa, maana nisingevitoa chini ya mbawa. Anacheka akisema hivyo. Mimi sicheki sana.

Baiskeli ya Mama Chanjo ilikuwa nyeusi, ya kiume, yenye keria pana nyuma. Juu ya keria alifunga deli, lile kasha la kutunzia ubaridi, na ndani ya deli kulikuwa na barafu na vichupa vya dawa. Gauni lake alilikusanya upande wa kulia, upande wa mnyororo, akalibana chini ya goti kwa kipande cha tyubu ya tairi. Pampu aliifunga kwenye chuma cha katikati. Kengele yake ilisikika kabla yeye mwenyewe hajaonekana, na watoto wote tuliokwisha kuonja sindano tulikimbilia nyuma ya uzio wa minyaa. Alijua tulipo. Aliegesha baiskeli, akatundika mizani ya kupimia watoto kwenye tawi, akasema bila kugeuka, "Wa nyuma ya minyaa waanze." Nasi tulitoka mmoja mmoja kama wezi wa mahindi.

Lami aliiogopa waziwazi, wala hakuona aibu. Kulikuwa na mahali pamoja tu ambapo hakuweza kuikwepa, pale ambapo njia ya kwenda vijiji vya ng'ambo inaikata barabara kuu. Alishuka akiwa bado mbali. Alishusha kanga kutoka masikioni, akaamuru kila mtu anyamaze, akasikiliza. Huku kwetu upepo wa kiangazi unavuma siku nzima na unaweza kukuletea muungurumo wa basi ambalo bado liko mbali sana, basi yeye alilisubiri basi hilo lije, lipite, vumbi litulie, halafu akaanza kusikiliza upya. Mama mwenye mtoto mgongoni angeweza kuvuka mara mbili na kurudi. Mwanamke yule yule aliyewagombeza kina mama kwa kuchelewa kliniki alichelewa yeye mwenyewe kwa kusubiri lori ambalo hakuna aliyeliona. Dereva mmoja wa gari la wilaya alimuuliza kwa utani kama anangoja lami ipoe. Akamjibu, "Wewe umebeba haraka yako. Mimi nimebeba watoto wa kijiji kizima humu kwenye deli."

Na bado baiskeli yake haikuwa na breki. Hilo sikulielewa nikiwa mtoto na silielewi leo. Za wengine alizikagua, akibonyeza tairi kwa kidole gumba na kumrudisha nyumbani mtu ambaye mnyororo wake umelegea. Yake aliisimamisha kwa kukanyaga tairi la mbele kwa soli ya kiatu. Kwenye mteremko wa mawe, nyuma ya kijiji chetu, alishuka akipiga kengele mfululizo, kanga ikipepea, na mbuzi wakitawanyika. Mtu angedhani ni mwingine kabisa, si yule aliyetetemeka mbele ya barabara tupu. Nilipokuwa mkubwa kidogo nilimuuliza. Alisema, "Hapa nikianguka naanguka mwenyewe."

Ofisi iliwahi kumpa pikipiki. Alijifunza kwa wiki moja, na siku ya mwisho ya wiki hiyo akaingia nayo kwenye uzio wa minyaa. Anayeijua minyaa anajua utomvu wake ukiingia jichoni. Alizunguka vijiji na jicho moja limefungwa kitambaa, juu ya baiskeli yake ile ile, na pikipiki akaikabidhi kwa mwenzake aliyekuwa na hamu nayo. Tulimtania, "Mama, pikipiki imekushinda." Hakubisha. Alisema tu kwamba pikipiki ingemfundisha uvivu, na mvivu hutafuta barabara nzuri.

Sasa nifike kwenye lile lililomfanya awe yeye. Njia ya mguu katika nchi ya wakulima haina mwenyewe. Kila mwaka, mvua za kwanza zikishalainisha udongo, maksai wanaingia shambani na plau, na plau haijui njia. Inapita. Baada ya hapo zinapandwa alizeti, na alizeti zikifika kifuani hakuna anayekumbuka kwamba hapo watu walipita. Kwa hiyo Mama Chanjo alitangulia maksai. Alisukuma baiskeli yake shamba hadi shamba, akamkuta kila mwenye shamba, akamwamkia, akauliza habari za watoto kwa majina maana wote aliwachoma sindano, kisha akaisimamisha baiskeli pale njia ilipo na kunyoosha usukani. "Niachie upana huu," alisema. Mwenye shamba alichomeka kijiti kila upande wa usukani. Hakuomba zaidi. Watu walisema anapima ardhi kama afisa wa serikali, lakini vijiti walichomeka.

Mmoja alikataa. Mama Chanjo hakugombana naye, alimuaga vizuri. Halafu kila Jumatano, siku ya kliniki ya vijiji vya ng'ambo, alipita na baiskeli katikati ya mtama wake, mahali pale pale, kwenda na kurudi, akimsalimia kwa heshima zote akimkuta. Mpaka mavuno kulikuwa na ukanda wa udongo mtupu shambani kwa yule bwana. Mwaka uliofuata alichomeka vijiti kabla hajaombwa. Nimewasikia watu wakisema Mama Chanjo alikuwa mpole. Alikuwa mpole kwa watoto wachanga. Kwa wengine wote alikuwa king'ang'anizi, na ulimi wake ulikuwa mkali. Hata mama yangu mzazi alifokewa naye mbele ya foleni nzima kwa kusahau kadi, na mama alirudi nyumbani akilia.

Hakuwahi kumweleza mtu njia kwa maneno. Ukimuuliza alisema, "Nifuate." Somo moja tu alilitoa kwa mdomo, na alinipa mimi.

Nilikuwa na miaka kumi hivi. Mama alinituma kwa shangazi, kijiji cha pili, kule ambako siku hizi kuna sekondari. Kuna mahali mawe mawili makubwa yameegemeana, na hapo njia inagawanyika. Ya kulia ni pana, imekanyagwa ikawa ngumu na safi. Ya kushoto ni nyembamba, nusu imefunikwa na nyasi. Nilichagua kwa akili ya mtoto kwamba iliyo pana ndiyo ya watu wengi. Ilinipeleka mpaka lamboni. Hakuna nyumba pale, kuna maji na tope lenye alama za kwato, na nilipotaka kurudi nikaona njia pana nyingine tatu zinatoka lamboni kila moja upande wake, zote zinafanana. Nilikaa nikalia mpaka jua lilipoanza kushuka. Kengele ndiyo iliyonishtua. Mama Chanjo alikuwa ameona nyayo ndogo zinaelekea kusiko na nyumba.

"Ng'ombe wanakuja huku kunywa," aliniambia. "Wewe ulikuwa unakwenda wapi?"

"Kwa shangazi."

"Basi usifuate pana. Pana ni ya ng'ombe, wako wengi kuliko sisi. Tafuta yenye alama ya tairi."

Akanipakia kwenye keria, mbele ya deli, na sikuogopa tena siku hiyo. Pengine ndiyo siku ya mwisho ambayo sikuogopa.

Miaka imekwenda. Alistaafu. Chanjo siku hizi inaletwa kwa pikipiki, kwa barabara. Mimi nilijifunza cherehani, nikaolewa kijijini hapo hapo, na mwaka juzi Rehema wangu, kifungua mimba, akafaulu kwenda sekondari. Wenzangu walipiga vigelegele. Mimi nilikata sketi yake ya shule nikiwaza barabara, kwa sababu sekondari ile imejengwa kando ya lami, na kutoka kwetu ni mwendo wa saa moja kwa baiskeli. Kiangazi cha mwaka huo mwanafunzi mmoja wa shule hiyo alikumbwa na kioo cha gari akiwa pembeni kabisa mwa barabara. Alipona, lakini anachechemea. Kila nilipomwona nilimwona Rehema.

"Apande bodaboda," mume wangu alisema kwenye simu.

"Bodaboda inapita wapi, hewani?"

Bodaboda za wanafunzi zinabeba watatu watatu, na zinapita hapo hapo malori yanapopita.

Nikamkumbuka Mama Chanjo na njia ya kushoto ya kwenye mawe, ambayo inatokea nyuma ya shule bila kugusa lami hata hatua moja. Mwezi wa kumi na mbili, mvua zikiwa zimeanza, nilikwenda kwake na Rehema. Tulimkuta uani akichambua choroko. Baiskeli ilikuwa imeegemezwa ukutani, imefutwa vizuri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Alinitazama kwa muda. Akaniita kwa jina la mama yangu, ambaye amefariki. Nilimsahihisha taratibu, akacheka, akasema macho ya uzee. Halafu akaniuliza kama mtoto huyu amechanjwa surua, ilhali Rehema ana urefu wa kunifikia mimi. Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka. Lakini mtu mwenye shida husikia anachotaka kusikia. Nilimweleza haja yangu, naye akainuka pale pale kutafuta kipande cha tyubu cha kubania gauni.

Tulikwenda watu watatu na baiskeli tatu, yeye mbele. Alikanyaga polepole lakini hakuyumba, na nilianza kupumua. Tukafika kwenye mawe mawili. Hakusita hata kidogo. Akakata kulia.

Nilijua amekosea, kwa hakika kabisa, kama ninavyojua mkono wangu wa kulia. Lakini ungemwambiaje mtu kama yule kwamba amepotea, katika njia aliyonifundisha mwenyewe? Nikajipa matumaini kwamba huenda anajua mchepuko mwingine. Nikamfuata, na mwanangu akanifuata mimi, mpaka maji ya lambo yakatokea mbele yetu.

Alishuka. Alitazama tope lote lile la kwato.

"Hapa ni lamboni," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Sisi tulikuwa tunakwenda shuleni."

"Ndiyo."

"Uliona tunapotea?"

Sikuweza kumwangalia. "Niliona."

"Tangu wapi?"

"Tangu kwenye mawe. Niliona vibaya kukukosoa, mama. Wewe ndiye uliyenifundisha."

Akamgeukia Rehema. "Na wewe mjukuu?"

"Mimi sijui njia, Bibi. Ila niliona kwato tupu. Hakukuwa na tairi hata moja."

"Mbona hukusema?"

Rehema alinitazama mimi. Sitausahau mtazamo ule. Nilikuwa nimemleta mwanangu afundishwe kuokoa maisha yake, na somo la kwanza nililompa ni kunyamaza.

Mama Chanjo aliketi kwenye jiwe. Alisema bila kulia na bila kujisikitikia, "Kichwa changu siku hizi asubuhi kipo, mchana hakipo. Mama Rehema, hiyo heshima kaiweke nyumbani, utanipa nikija kula ugali kwako. Njiani mniambie." Kisha akamwambia Rehema, "Wewe tangulia. Mimi nikikosea sema. Mama yako akikosea sema."

Tukarudi mpaka kwenye mawe, tukashika ya kushoto. Haikwenda mbali. Shamba la kwanza lilikuwa limelimwa lote, njia imegeuzwa kuwa matuta. Mwenye shamba, mtu mzima mwenye mvi, aliwasimamisha maksai wake akaja mbio kuamkia.

"Umelima njia yangu," Mama Chanjo alimwambia.

"Mama, nani anapita huku siku hizi? Watu wote wako kwenye pikipiki."

"Huyu hapa anapita."

Mwenye shamba alimwangalia Rehema, akamwangalia Mama Chanjo. Nadhani alikumbuka sindano. Mama Chanjo akamwambia Rehema anyooshe usukani wake juu ya tuta, aombe mwenyewe. Rehema aliomba kwa sauti ndogo. Usukani wa baiskeli yake ya kisasa ulikuwa mpana kuliko ule wa zamani, na yule bwana alicheka akasema upana umeongezwa. "Basi utatuachia na nyongeza," Mama Chanjo alijibu. Vijiti vikachomekwa. Mashamba mawili yaliyobaki Rehema aliomba kwa sauti ya kusikika.

Shule ilipofunguliwa nilimsindikiza wiki nzima, nikikanyaga nyuma yake mpaka akaniambia wenzake wanacheka. Wiki ya pili nilimwacha aende peke yake. Nilimkagua tairi, nikambana sketi kwa kipande cha tyubu alichopewa na Mama Chanjo, nikarudi kwenye cherehani na kuvunja sindano mbili kabla ya chai.

Jumatano, saa nne asubuhi, simu iliita. Alikuwa mwalimu wa zamu, mteja wangu.

"Fundi, Rehema anaumwa? Hajafika."

Sikumbuki nilimjibu nini. Nakumbuka nilikuwa juu ya baiskeli na futi ya kupimia bado iko shingoni. Pale ambapo njia ya lami inaachana na ya nyuma nilisimama. Kama angepatwa na jambo kwenye lami, watu wangekuwa wamekwisha kunipigia, nilijiambia, na wazo hilo halikunisaidia chochote. Nilishusha kanga masikioni, nikasikiliza. Lori lilipita mbali, likaendelea na safari yake. Nikachukua ya nyuma.

Mvua ya usiku ilikuwa imelainisha udongo na alama zilionekana wazi. Tairi la Rehema lina meno mapya. Lakini chini yake, limetangulia, kulikuwa na tairi jingine, lililolika likawa laini kabisa. Nililifahamu kabla sijataka kulifahamu. Kwenye mawe mawili tairi laini lilikata kulia. Lenye meno lilikuwa limeshika kushoto hatua chache, likasimama, kisha likarudi, nalo likakata kulia.

Niliwakuta katikati ya njia ya lamboni, wanarudi, wanasukuma baiskeli. Rehema alikuwa mbele, soksi zake nyeupe zimekuwa za udongo. Mama Chanjo alikuwa nyuma yake, amevaa gauni la kazi jeupe lililofifia, na juu ya keria alikuwa amefunga deli. Kifuniko kilikuwa wazi. Ndani hamkuwa na kitu.

"Leo Jumatano," aliniambia, kana kwamba hilo lilieleza yote. "Niliwahi kidogo."

"Nilimkuta maji yamemfika magotini, mama," Rehema alisema. "Nikamwambia, Bibi, hii ni ya ng'ombe." Hakuangalia chini. "Shule nimechelewa."

Nilitaka kumgombeza mmoja wao, sikujua nianze na nani. Niliegesha baiskeli nikamshika mwanangu kwa nguvu mpaka akasema namuumiza. Kisha nikamwamkia Mama Chanjo, naye akaitikia, na tukaondoka, Rehema mbele, yeye katikati, mimi nyuma.

Kwenye mawe mawili alisimama. Alitazama njia zote mbili kwa makini, ile pana na ile nyembamba, kama mtu anayezisoma.

"Wapi?" aliuliza.

Nilifungua mdomo, lakini hakuwa ananiuliza mimi. Rehema alinyoosha mkono kushoto kwake, kuelekea nyumbani, akasema, "Huku, Bibi, kwanza tukupeleke wewe." Mama Chanjo akageuza usukani bila neno, akamfuata.